Uso wa Kaisari sokoni: utajuaje si bandia?

MSOMAJI, ukijaliwa kufika Roma na siku ikawa Jumapili, usiondoke kabla ya kutembelea soko la Porta Portese. Ni soko la barabarani katika mtaa wa Trastevere, karibu na Mto Tiber, na huwa la Jumapili tu, tangu asubuhi na mapema hadi mchana. Mkazi wa Nairobi akifika hapo atadhani hajatoka Gikomba. Utakuta mashati ya mitumba yamerundikwa mezani, viatu, redio mbovu, sufuria, fremu zisizo na picha, na wauzaji wanaokuita kwa sauti kana kwamba mlisoma darasa moja.

Hapo ndipo nilipokutana na Kaisari Augustus.

Alikuwa ameketishwa juu ya gunia, kati ya birika kuukuu na baiskeli ya mtoto. Kilikuwa kichwa cha marumaru chenye ukubwa wa nazi, kimekatika shingoni, na mashavu yake yamejaa udongo wa rangi ya kahawia. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya sufu, aliapa kwamba kilichimbuliwa na babu yake akipalilia mizabibu. Akaongeza kwamba fundi aliyekichonga aliketi uso kwa uso na Kaisari mwenyewe, yule ambaye Injili ya Luka inasema alitoa amri watu wa dola yake wahesabiwe. Bei ilikuwa euro 180, bila kupunguza.

Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. Fedha zilizokuwemo zilikuwa za karo ya binti yangu, nami nilianza kujidanganya kwamba kitu cha miaka 2,000 kwa bei hiyo kingemsomesha hadi chuo kikuu. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi huko Roma na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, alinivuta kando.

"Shemeji, mji huu hata chumvi utauziwa kwa jina la Kaisari," aliniambia. "Subiri Jumapili ijayo. Wiki hii nenda ukawaone Makaisari wenyewe, kisha urudi umtazame huyu tena."

Nilimsikiza. Nami leo nakuomba, msomaji, tufuatane katika ziara hiyo ya wiki moja, ili siku ukiwekewa uso wa kale mbele yako ujue la kuuliza.

Kilima cha Makaisari

Roma inasifika kwa vilima vyake saba, na kimojawapo ni Capitoline. Utakipanda kwa njia pana ya vidato iliyobuniwa na Michelangelo, yenye mwinuko wa pole hivi kwamba hata nyanya mwenye magoti mabovu atafika juu bila kutweta. Huko kuna uwanja, na katikati ya uwanja Kaisari Marcus Aurelius amempanda farasi wake. Usipige picha ukadhani umemaliza. Huyo wa nje ni nakala. Mwenyewe wa shaba nyeusi, aliyetawala mwaka 161 hadi 180 baada ya Kristo (B.K.), aliondolewa hapo mwaka 1981 ili atibiwe kutu, na siku hizi yumo ndani ya makumbusho.

Sanamu nyingi za shaba za Makaisari ziliyeyushwa zamani. Huyu alinusurika kwa sababu watu wa karne za kati walidhani ni Constantine, Kaisari aliyewapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Jina lisilo lake ndilo lililomponya.

Ndani utakutana na mwingine wa aina hiyo. Wanafunzi waliosoma tamthilia ya Shakespeare, au tafsiri ya Mwalimu Nyerere iitwayo Juliasi Kaizari, wanamjua Brutus aliyemchoma Kaisari kisu. Makumbusho ya Capitoline yana kichwa cha shaba kiitwacho Brutus. Si huyo wa kisu, bali yule wa kale anayesimuliwa kuwa aliwafukuza wafalme wa Roma mwaka 509 kabla ya Kristo (K.K.). Macho yake bado yamo, na akikukazia utainamisha yako. Kardinali mmoja aliukabidhi mji kichwa hicho mwaka 1564. Ni cha kale, wala hilo halina ubishi. Lakini jina la Brutus alipewa na wasomi wa karne ya 16, na hakuna maandishi ya kale juu yake yanayolithibitisha.

Hapo nilipata somo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Mbele ya uso wa Kirumi kuna maswali matatu yaliyo mbalimbali. Je, ni wa kale? Ulichongwa lini? Na ni uso wa nani? Mtaalamu hulijibu kila moja kwa ushahidi wake. Muuzaji wa sokoni huyajibu yote matatu kwa pumzi moja.

Nyuso katika rafu

Makumbusho haya yalianza mwaka 1471, Papa Sixtus IV alipowapa watu wa Roma sanamu za shaba, na yakafunguliwa kwa umma mwaka 1734. Ingia katika Chumba cha Makaisari. Nyuso zaidi ya 60 zimepangwa katika rafu mbili za mawe kuzunguka kuta, kwa kufuata miaka, kama picha za walimu wakuu waliotangulia katika ofisi ya shule.

Utajiuliza walijuaje kwamba huyu ni Nero na yule ni Trajan, ilhali nyuso nyingi zilipatikana bila jina. Jibu limo mfukoni mwako. Kila Kaisari alipiga uso wake kwenye sarafu, na kuuzunguka uso akaandika jina. Kumbuka dinari ile aliyoletewa Yesu alipoulizwa juu ya kodi. Wasomi huchukua sarafu, wakalinganisha pua, kidevu na shingo na sanamu iliyo mbele yao.

Fauka ya hayo, Kaisari hakuachia kila fundi amchonge apendavyo. Kielelezo kilitengenezwa Roma, kisha mafundi wa majimbo wakakinakili. Kwa hivyo wataalamu huhesabu hata vishungi vya nywele juu ya paji la uso. Augustus wa Prima Porta, sanamu iliyochimbuliwa mwaka 1863 na ambayo utaiona katika Makumbusho ya Vatican, ana vishungi viwili vilivyoachana kama panda ya mti juu ya jicho, na kingine kinachokuja kukutana navyo kutoka upande wa pili. Kuna nyuso zaidi ya 200 za Augustus zilizobaki duniani, na nyingi zinajulikana kwa vishungi hivyo.

Tazama macho

Sasa sogea karibu. Nyuso za mwanzo katika rafu zina macho laini kama yai lililomenywa. Watu hao hawakuwa vipofu. Mboni zao zilipakwa rangi, na rangi imekwisha. Endelea kutembea hadi ufike kwa Kaisari Hadrian, aliyetawala mwaka 117 hadi 138 B.K. Kuanzia zama zake, wachongaji walianza kuchora duara la jicho kwa tindo na kutoboa mboni kwa keekee, ili kivuli kifanye kazi ya rangi. Wataalamu huuweka mpaka huo karibu na mwaka 130 B.K.

Hata hivyo, tahadhari. Kaisari aliyekufa aliweza kuchongwa tena na vizazi vilivyofuata, kama nasi tunavyochonga leo sanamu za mashujaa wetu wa uhuru. Kwa hivyo macho hukuambia umri wa tindo, si umri wa mtu.

Nywele ni kalenda

Ukionyeshwa picha ya shangazi yako akiwa na nywele za afro na viatu vya soli nene, huna haja ya kuuliza ilipigwa miaka gani. Ndivyo ilivyo kwa Warumi. Kabla ya Hadrian Makaisari kwa kawaida walinyoa ndevu. Hadrian alizifuga, na waliomfuata, isipokuwa wachache, wakamwiga kwa karibu miaka 200, hadi Constantine aliponyoa tena. Katika karne ya tatu utaona vichwa vilivyokatwa nywele fupi sana. Mchongaji hakuzipa unene wowote, bali alidonoadonoa jiwe kwa tindo, kana kwamba kinyozi ametoka hapo sasa hivi.

Akina mama ndio kalenda iliyo bora zaidi, kwa kuwa mitindo yao ilibadilika upesi. Livia, mkewe Augustus, huchongwa akiwa na kitita cha nywele kilichoviringishwa juu ya paji na kifundo nyuma. Katika chumba hicho hicho yumo mwanamke asiye na jina, maarufu kama sanamu ya Fonseca, ambaye mbele ya kichwa chake umesimama ukuta wa vipilipili, kila kimoja kimetobolewa katikati kwa keekee. Mtindo huo unamweka kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili. Julia Domna naye, Mwarabu wa Syria aliyeolewa na Septimius Severus, Kaisari aliyezaliwa Afrika katika mji wa Leptis Magna nchini Libya, ana mawimbi mazito ya nywele yanayoshuka pande zote kama wigi.

Baada ya nywele, shuka kifuani. Wakati wa Augustus sanamu nyingi za aina hii huishia shingoni au chini yake kidogo, kama picha ya kitambulisho. Kufikia zama za Trajan, mwanzoni mwa karne ya pili, mabega na kifua vimo. Tangu Hadrian na kuendelea, sehemu ya juu ya mikono nayo huonekana.

Dalili hizi hufanya kazi zikiwa pamoja. Mghushi naye husoma vitabu, lakini aghalabu husahau kitu kimoja. Atachonga nywele za mwaka wa 90 na macho ya mwaka wa 150, au ataweka uso wa zama zake mwenyewe juu ya shingo ya Kirumi. Mwaka 1818 Makumbusho ya Uingereza jijini London yalinunua uso wa Julius Caesar. Ulipendwa mno, ukachapishwa vitabuni kama sura yake halisi. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ulichongwa takriban miaka 200 tu iliyopita, na ngozi ya jiwe ikatobolewa makusudi ili ionekane imeliwa na udongo. Uliwavutia wasomaji kwa sababu ulifanana na Caesar waliyemtaka wao.

Uso juu ya uso

Kuna jambo jingine litakalokutatiza: sanamu ya kweli yenye nyuso mbili. Nero alipokufa mwaka 68 B.K. akiwa amechukiwa, watu hawakutupa mawe ya bei ghali. Walichonga upya. Uso wa kijana ulipunguzwa ukawa wa mzee Vespasian, lakini nyuma ya shingo nywele ndefu za Nero zikabaki. Ndiyo sababu mtaalamu huizunguka sanamu. Uso unaweza kuwa umebadilishwa, ila kisogo kikabaki kusema ukweli.

Ukienda Vatican, tafuta mawe ya Cancelleria, yaliyofukuliwa kati ya mwaka 1937 na 1939. Domitian aliuawa mwaka 96, na kichwa chake katika michongo hiyo kikageuzwa kuwa cha Nerva aliyemrithi. Mtazame vizuri: kichwa ni kidogo kuliko mwili unavyotaka, kama mtu aliyevaa koti la kaka yake.

Hata Constantine hakosi kushukiwa. Kichwa chake kikubwa cha marumaru, kilichopatikana mwaka 1486, kimewekwa uani mwa Capitoline pamoja na mkono na mguu. Watoto hupenda kupigwa picha kando ya kidole chake. Wataalamu wengi wanaona dalili kwamba jiwe hilo lilikuwa la mwingine kabla halijawa lake. Mwaka 2024 sanamu nzima iliyoundwa upya kwa vipimo vya vipande hivyo, yenye urefu wa mita 13, ilisimamishwa katika bustani iliyo jirani.

Kichwa si chake

Siku moja panda treni ya chini kwa chini, laini ya B, ushuke Garbatella. Kwa miguu utafika Centrale Montemartini, kituo cha zamani cha kuzalisha umeme kilichogeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1997. Utaona miungu ya marumaru imesimama mbele ya mitambo mikubwa myeusi, kana kwamba imekuja kulipa bili ya stima.

Humo yumo mzee wa Kirumi, aitwaye Togatus Barberini kwa ajili ya ukoo uliommiliki. Amevaa vazi la toga na ameshika vichwa viwili vya wahenga wake. Familia za wakubwa wa Roma ziliweka nyumbani nyuso za nta za wazee waliokufa, na siku ya mazishi zikatolewa zifuatane na jeneza. Basi mzee huyu anatuambia kwamba yeye ni wa ukoo. Lakini ajabu ni kwamba kichwa kilicho shingoni mwake si chake. Ni cha kale pia, ila kilitoka katika sanamu nyingine, na mafundi wakakipachika hapo karne nyingi baadaye. Mtu aliyejichonga ili akumbukwe pamoja na babu zake amebaki na babu, akapoteza uso wake mwenyewe.

Mafundi wa ukarabati walikuwa na shughuli nyingi hapa, hasa katika karne ya 18, wakati mabwana wa Uingereza walipokuja Roma kununua. Hakuna aliyetaka Kaisari asiye na pua. Fundi Bartolomeo Cavaceppi alipata sifa na mali kwa kuwatengenezea mapua, masikio na videvu. Huko Copenhagen, Denmark, makumbusho ya Ny Carlsberg Glyptotek yaliyabandua mapua ya aina hiyo kutoka katika sanamu zake, na leo yana kabati zima la mapua. Kwa hivyo ukiona pua nzuri mno, tafuta mstari wa kiungio. Pua mpya haiufanyi uso kuwa bandia, bali hukuonya usimhukumu mtu kwa pua ya fundi.

Mashine husema nini?

Huenda unajiuliza kwa nini wasilitie jiwe katika mashine likatoa mwaka. Haiwezekani. Marumaru iliumbwa ardhini mamilioni ya miaka kabla ya mtu kuishika tindo, na hakuna kipimo kinachosoma siku ilipochongwa.

Maabara inaweza kupima aina za kaboni na oksijeni katika chembe ya jiwe, na kusema limetoka machimbo gani, yawe ya kisiwa cha Paros huko Ugiriki au ya Carrara kaskazini mwa Roma. Hilo husaidia, kwa maana machimbo ya Carrara yalianza kutumiwa kwa wingi zama za Julius Caesar. Lakini Carrara inachimbwa hata leo. Jiwe la Carrara laweza kuwa la Kaisari au la sinki la hoteli.

Kipimo kingine ni taa ya urujuanimno, nduguye ile taa ambayo karani wa benki huwekea noti yako. Gizani, chini ya taa hiyo, marumaru iliyokaa ardhini kwa karne nyingi hung'aa kwa mabaka meupe na ya manjano hafifu. Iliyochongwa karibuni huonyesha rangi moja ya zambarau. Isitoshe, mtaalamu hutazama kwa hadubini utando wa chokaa na vijistari vya mizizi ya mimea. Mizizi ya kweli huliambaa jiwe popote, na huingia hata mahali palipovunjika. Uchafu wa asidi, chai au gundi hukaa pale tu mghushi alipoupaka.

Shaba ina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu ndani yake hubaki udongo na chembe za mkaa za wakati wa kumimina. Mbwa mwitu jike mashuhuri wa Capitoline, nembo ya Roma, aliaminiwa kwa vizazi kuwa wa karne ya 5 K.K. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa katika miaka ya 2000 vilimleta hadi karne ya 11 au 12 B.K. Wapo wasomi wanaoendelea kubisha, kwani si rahisi kumvua mama yenu umri wake.

Ulizikwa wapi?

Ushahidi unaopita yote ni udongo wenyewe, yaani mahali kitu kilipolala na vilivyolala pamoja nacho. Kaisari Commodus aliyevaa ngozi ya simba, fahari ya Capitoline, alifukuliwa mwaka 1874 katika kilima cha Esquiline, na mahali alipotoka panajulikana. Hana haja ya kuapa.

Mfano ulio bora zaidi umetoka barani mwetu. Mwaka 1910 mwanaakiolojia John Garstang alifukua kichwa cha shaba cha Augustus huko Meroe, nchini Sudan. Kilikuwa kimezikwa chini ya vidato vya jengo. Wanajeshi wa Kush walikuwa wamewashambulia Warumi kusini mwa Misri yapata mwaka 25 K.K., wakabeba sanamu za Kaisari. Kichwa kimoja wakakizika mlangoni ili kila aingiaye amkanyage. Mchanga ukakihifadhi, na macho yake ya kioo na mawe yamo hadi leo katika Makumbusho ya Uingereza. Kwa sababu tunajua kilipolala, tunajua umri wake, tunajua aliyekileta, na tunajua walivyomwonea uchungu Kaisari. Kichwa hicho hicho kikiwa juu ya gunia Porta Portese kingekuwa shaba tu yenye macho.

Mwaka 2018 mwanamke mmoja mjini Austin, Texas, alinunua kichwa cha marumaru katika duka la mitumba kwa dola 34.99, akakifunga mkanda wa usalama garini kama abiria. Kilikuwa cha Kirumi kweli, cha miaka 2,000 hivi. Picha za zamani zilionyesha kwamba kilikuwa mali ya Pompejanum, jumba la karne ya 19 mjini Aschaffenburg, Ujerumani, na inaaminika mwanajeshi wa Marekani alikibeba baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mama huyo hakuwa tajiri. Kitu cha watu hurudi kwa watu: kilionyeshwa katika makumbusho ya San Antonio tangu mwaka 2022, kisha mwaka 2023 kikaanza safari ya kurudi Ujerumani.

Nasi Kenya tunaijua habari hiyo. Vigango vya Wamijikenda, vinavyosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa, viling'olewa na wezi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na wenyewe wakavipokea kama mtu anavyompokea baba. Kigango kikishang'olewa bila kuandikwa kilikotoka, nani atasema kilikuwa cha ukoo gani? Mwizi haibi mti tu. Huiba jina.

Jumapili ya pili

Jumapili iliyofuata nilirudi sokoni na shemeji. Augustus alikuwa bado juu ya gunia. Safari hii sikuutia mkono mfukoni. Nilichuchumaa.

Nilianza na macho. Mboni zilikuwa zimetobolewa, na duara la jicho limechorwa vizuri. Augustus alikufa mwaka 14 B.K. Fundi wa mtindo huo hakuweza kuketi naye uso kwa uso, maana alimkosa kwa zaidi ya miaka 100. Nikatazama paji: vishungi vya nywele vilikuwa vimelala upande mmoja vyote, bila panda. Nikakizungusha. Kisogo kilikuwa na alama za tupa, mpya na nyeupe. Shingo ilikuwa imevunjika, lakini pua, kitu cha kwanza kukatika kichwa kinapoanguka, ilikuwa nzima kabisa. Mwishowe nikalowesha kidole, nikapitisha shavuni. Udongo wa miaka 2,000 ukabaki kidoleni.

"Mzee, babu yako alilima wapi?" shemeji alimuuliza kwa Kiitaliano.

Wiki iliyopita ilikuwa mizabibu. Safari hii ilikuwa kisima. Njia ya mwongo fupi.

Hata hivyo, msomaji, fikiria ingekuwaje kama kingekuwa cha kweli. Tangu sheria ya mwaka 1909, vitu vya kale vinavyochimbuliwa ardhini nchini Italia ni mali ya taifa, na tangu mwaka 1969 kuna kikosi maalumu cha polisi cha kuwafuatilia wanaoviuza. Kichwa kikiwa bandia ningekuwa nimeila karo ya mtoto. Kikiwa cha kweli ningekuwa nimebeba mali ya wizi, na uwanja wa ndege ningeeleza nini? Katika biashara hiyo mnunuzi hana upande wa kushinda.

Nikamshukuru mzee, nikanunua birika lililokuwa kando kwa euro 5. Muuzaji hakusema lilikuwa la nani, na hiyo ndiyo sababu nililiamini. Hadi leo linachemsha chai nyumbani kwangu, na binti yangu yuko shuleni.